Kahindi Hakuondoka Mlangoni

Jumatatu, saa mbili kasorobo, foleni ya ofisi ya vitambulisho ilikuwa na watu kumi na mmoja na mawe ishirini na tisa. Hapo hakuna ajabu. Watu wanafika mapema, wanaweka jiwe, wanakwenda kunywa chai, halafu wanarudi kusimama pale jiwe lilipo. Asiye na jiwe anaweka ndara moja, au chupa ya maji, na kuna mwalimu mmoja alikuwa akiweka nusu tofali lililofungwa utepe mwekundu ili asichanganywe na mtu. Kazi ya Kahindi, askari wa geti, ni kufungua, kufunga, na kujua kila jiwe ni la nani. Hiyo ya tatu haimo kwenye mkataba, lakini bila hiyo watu wangeshatoana meno zamani.

Ofisi yenyewe iko hapa kisiwani, jengo la rangi ya chai ya maziwa, ukuta mrefu unaotazama jua. Pale ukutani palikuwa na mwarobaini. Ulikatwa siku mkubwa wa ofisi alipopata gari, ili gari lipate pa kusimama. Kwa hivyo kuanzia saa tatu watu wako juani, na jua la Mombasa mwezi wa pili si la kutaniwa. Ndani kuna madirisha mawili. La pili limefungwa tangu lilipowekwa.

Kahindi ni mtu wa Kaloleni, miaka arobaini na kitu, mrefu, mwembamba, na sauti yake kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Amepanga chumba huko Mbaraki na mkewe Joy, na Jumapili wanasali kwenye kanisa dogo Ganjoni. Pale kanisani ana tatizo moja. Kila Jumapili Mchungaji Kavumbi anauliza nani ana ushuhuda, watu wanasimama, huyu kapata kazi, yule jino limeacha kuuma, na Kahindi anaangalia viatu vyake. Joy anampiga kiwiko. Miaka mitatu ya viwiko. Siku moja alisimama kweli, akasema, "Bwana asifiwe. Mimi ni Kahindi," akangoja kidogo kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani, akakaa. Mchungaji alimwambia kwa upole kwamba bado hajafunguka.

Haya. Jumatatu hiyo alikuwepo Bi Fairuz wa Kibokoni, mtaa wa hapa hapa kisiwani, miaka sitini na tisa, ameletwa na mjukuu wake wa kike, jina lake Jana. Bi Fairuz alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu alikuwa akiwaona kama nguo zilizoanikwa nyuma ya chandarua. Sasa madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali moja mjini kupasua watu bure, na siku yao ya mwisho ni Ijumaa. Ukitaka kupasuliwa, sharti uwe na kitambulisho, au angalau ile karatasi ya kusubiria. Kitambulisho chake kilikuwa kimefuliwa ndani ya dera mpaka kikawa cheupe pande zote mbili, na mjukuu alipoipeleka namba yake dirishani, kompyuta ikasema hakuna mtu kama huyo. Kwa hivyo ilibidi aombe upya, kama msichana wa miaka kumi na minane. Ijumaa ikipita hajapata karatasi, atabaki na chandarua chake.

Saa nne na dakika kumi, Jana amekwenda kutoa kopi ng'ambo ya barabara, Bi Fairuz akaanza kuyumba.

Kahindi alimwona. Kutoka getini mpaka pale ni hatua kumi. Lakini ndani ya kibanda chake kuna karatasi imebandikwa, askari akiondoka mlangoni saa za kazi, kazi imekwisha, na si maneno ya bure, kwa sababu askari aliyekuwepo kabla yake alifukuzwa kwa kuvuka barabara kumnunulia maji mama mjamzito. Kahindi akabaki pale pale.

Kivuli chake ndicho kilichokwenda. Kilikuwa kimelala miguuni kama siku zote, kikajivua kwenye viatu vyake, kikatembea zile hatua kumi, kikamfunika Bi Fairuz kutoka mtandio mpaka ndara. Bi Fairuz akaacha kuyumba. Akavuta pumzi.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni kivuli tu, bibi," akasema Hamdan, aliyesimama nyuma yake. Hamdan ni kijana wa kukaanga muhogo jioni pale ufukweni Mama Ngina, na alikuwa kwenye mzunguko wake wa sita wa kutafuta kitambulisho. Akageuka getini. "Mzee Kahindi! Kivuli chako kimeondoka."

"Nimekiona."

"Kitarudi?"

"Sijui. Hakijawahi kwenda."

Griffins, karani wa dirisha la kwanza, akatoka kuangalia kuna nini. Si mtu mbaya Griffins. Anapenda madafu, na kila mwezi anamtumia mamake sukari. Akaangalia foleni, akaangalia viatu vya Kahindi, akaona chini yake saruji inang'aa tupu.

"Umeondoka mlangoni?"

"Sijaondoka, bosi."

"Na kile?"

Hamdan akamjibia. "Kile hakikuajiriwa, bosi. Soma mkataba."

Griffins alikwenda kuusoma kweli. Haukuwa na neno lolote kuhusu vivuli.

Saa nane Bi Fairuz akafika dirishani, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa sababu mara tatu za kabla alirudishwa nyumbani kabla ya adhuhuri amebebwa na tuktuk.

"Baba yako alikuja Kenya lini?" akauliza Griffins.

"Hakuja. Alizaliwa Kibokoni."

"Na babake?"

"Kibokoni."

"Sasa aliyekuja ni nani?"

"Waulize walokuja, mwanangu. Sisi twalikuwa papa hapa."

Griffins akamwambia alete barua ya chifu. Kahindi aliyasikia hayo yote, kwa sababu geti na dirisha vinatazamana. Yeye alipochukua kitambulisho chake alikwenda na karatasi moja, akaulizwa jina, akapigwa alama za vidole, dakika kumi. Alidhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Siku hiyo hakula chapati yake ya mchana, alimpa Jana aile yeye na bibi yake.

Jumanne Bi Fairuz alileta barua ya chifu, akaambiwa alete cheti cha babake. Kivuli kilikuwa kimelala pale ukutani usiku kucha, na asubuhi kilikuwa kimeongezeka. Kulikuwa na mama mwenye pacha, kikawachukua wote watatu. Kulikuwa na mzee wa mguu mmoja kutoka Likoni, kikamchukua. Kufikia saa sita kilikuwa kimefika kwenye tofali la mwalimu, na watu wakawa wanakaa chini, wamenyoosha miguu, wanamenya machungwa. Kahindi mwenyewe, kwa kuwa hana kivuli, jua lilikuwa linampiga mbele na nyuma kwa pamoja, kama mkate kwenye tanuri. Pua ikaanza kubanduka. Joy alimpaka mafuta ya nazi jioni na kumuuliza kimekwenda wapi.

"Kiko kazini."

"Na wewe?"

"Mimi pia."

Joy akaendelea kumpaka.

Jumatano akaja Mchungaji Kavumbi. Habari ilikuwa imemfikia, na alikuja na spika, maiki, vijana wawili wa kwaya, na bango lenye jina la kanisa na saa za ibada. Hakuja kwa ubaya. Alikuwa na furaha mpaka machozi yanamlenga.

"Matendo ya Mitume, sura ya tano!" akamwambia Kahindi pale getini. "Kivuli cha Petro kiliwafunika wagonjwa njiani. Ndugu yangu, wewe ni kama Petro!"

"Mimi ni wa geti, Mchungaji."

Bango likafungwa ukutani. Spika ikakohoa. "Bwana asifiwe!" akasema Mchungaji, na kivuli kikarudi nyuma hatua moja. Watu wawili wa mwisho wakajikuta juani. Mchungaji hakuona, macho alikuwa ameyafumba. Akaeleza upendo ni nini. Kikarudi hatua nyingine tatu. Akaeleza upendo si nini, na hapo kikawa kinakwenda mbio, mama wa pacha akafunika watoto kwa leso, mzee wa Likoni akavuta kofia, na watu wakaanza kusukumana kuingia katika kilichobaki.

"Mchungaji!" akapiga kelele Hamdan. "Watuchoma! Kila ukifungua mdomo watu watano wanaiva!"

"Amina!" wakajibu vijana wa kwaya, ambao hawakusikia vizuri.

Alipofika kwenye Wakorintho kivuli kilikuwa na ukubwa wa sahani ya pilau, na Bi Fairuz alikuwa amekaa kwenye lami ya moto, uso umemgeuka rangi, Jana anampepea kwa fomu. Mchungaji akafumbua macho. Akamwona yule bibi. Akaangalia sahani ya kivuli, akaangalia maiki, na kwa kuwa si mjinga, akaizima. Akavua koti lake la suti, akapiga magoti, akalishikilia juu ya kichwa cha Bi Fairuz. Mikono ikamchoka akabadilisha, ikachoka tena akabadilisha. Hakusema kitu. Baada ya muda kivuli kikaanza kurudi polepole, kama mtu anayerudi chumbani baada ya wageni kuondoka.

Bango lilifunguliwa. Kabla ya kuondoka Mchungaji alimwendea Kahindi.

"Kwani kivuli chako hakipendi Neno?"

"Chapenda sana, Mchungaji. Kina haya tu."

Mchungaji alifikiria hilo. Halafu akarudi kwenye foleni na kumshikia yule mama pacha mmoja mpaka saa tisa. Mtoto alimtapikia tai.

Siku hiyo Bi Fairuz alifika dirishani saa tisa u nusu na cheti cha babake, kimekunjwa mara nane, cha zamani mpaka kinanuka karafuu. Griffins akakisoma pande zote mbili.

"Sasa lete cha babu."

Bi Fairuz akakikunja cheti tena, mara zote nane. Jana ndiye aliyesema, maneno yaliyomfanya bibi yake amfinye.

Jioni, wakifunga ofisi, Griffins alikuwa analalamika kwa mkubwa, na mlango ulikuwa wazi. "Zamani ikifika saa sita nusu yao washakwenda zao. Saa nane nafunga dirisha, foleni imejimaliza. Sasa hawaondoki! Wanakaa tu! Siku ya jana nimetoka saa kumi na moja."

"Jua ndilo lilikuwa linatusaidia kazi," akasema mkubwa. Aliyasema kawaida tu, kama mtu anayesema mfagiaji kahamia Voi.

Kahindi akafunga geti. Siku zote alikuwa akidhani jua ni la Mungu na foleni ni ya serikali. Hakujua kwamba walikuwa wanafanya kazi pamoja.

Alhamisi asubuhi akapewa barua. Kuanzia siku ile amehamishiwa geti la nyuma. Geti la nyuma halipitwi na mtu, kuna mapipa, paka, na tangi la maji lenye kutu. Geti la mbele litashikwa na askari mpya anayeitwa Menza, kijana mwenye kivuli cha kawaida.

Kwenye foleni watu wakapata habari kabla barua haijakauka wino. Mama wa pacha akaanza kukusanya vitu vyake.

"Mwenyewe akienda, nacho kitamfuata," akasema. "Nani akae na watoto juani?"

"Kaa kwanza," akasema Bi Fairuz. Kesho ndiyo Ijumaa, kwa hivyo yeye hakuwa na pa kwenda.

Kahindi alimwonyesha Menza mawe, moja moja, hili la nani na hili la nani, na lile tofali lenye utepe asiliguse. Halafu akazunguka jengo. Watu wote walikuwa wameinamisha vichwa, wanaangalia chini. Kahindi akapinda kona. Kivuli kikabaki. Kikatulia kidogo, kikajinyoosha, kikafika mpaka kwa mwenye kibanda cha simu, ambaye hata hakuwa kwenye foleni.

"Alhamdulillahi," akasema Hamdan, na mama wa pacha akatandika leso yake tena.

Bi Fairuz akafika dirishani saa sita. Hakuwa na karatasi ya babu, kwa sababu babu yake alizaliwa wakati hakuna mtu aliyekuwa akigawa karatasi.

"Bila hiyo siwezi," akasema Griffins. "Nenda nyumbani, bibi, utafute."

"Nyumbani kutafuta nini? Babu yuko makaburini. Ikiwa wamngoja, na mimi nitamngoja papo hapo nje. Kivuli kipo."

Akatoka, akaenda mwisho wa foleni, akakaa. Saa nane u nusu akafika tena.

"Hajaja?" akauliza Bi Fairuz.

"Nani?"

"Babu."

Griffins akamwambia asimchezee. Bi Fairuz akamwambia hana macho ya kuchezea mtu, akaenda mwisho wa foleni. Jana akampelekea Kahindi mwavuli kule nyuma, akamkuta amekaa kwenye ndoo, masikio mekundu, anampa paka maji kwenye kifuniko. Akauliza mambo yanakwendaje. Jana akamwambia bibi yuko mzunguko wa tatu. Kahindi akatoa ile chapati yake, akaigawanya, nusu akampa Jana ampelekee. "Asikae na njaa," akasema. Hicho ndicho kitu kirefu kuliko vyote alichosema kule nyuma.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano Bi Fairuz alifika dirishani mara ya tatu. Nyuma yake walikuwa watu kumi na tisa, wamepoa, wameshiba machungwa, hakuna aliyeonyesha dalili ya kwenda popote. Griffins akawaangalia. Akaangalia saa. Alikuwa na miadi ya madafu. Akachukua mkono wa Bi Fairuz, akampiga vidole, kidole kimoja kimoja, akagonga muhuri kwenye karatasi ya kusubiria, akaipitisha chini ya kioo. Hakuwa amebadili mawazo juu ya jambo lolote. Alitaka kwenda nyumbani.

Ijumaa saa tatu asubuhi Bi Fairuz aliandikwa hospitali, wa mwisho kabisa kwenye daftari, akapasuliwa jicho la kulia. La kushoto daktari alimwambia asubiri wakija tena. Siku ile ile, saa sita na kitu, wanaume wa foleni waliacha mawe yao wakaenda msikitini, na waliporudi waliyakuta ni baridi, na mtu hajasogeza hata moja.

Baada ya wiki mbili Bi Fairuz alikuja geti la nyuma na bakuli la mahamri na mbaazi, anatembea mwenyewe, Jana yuko nyuma anabeba birika. Akasimama mbele ya Kahindi akamtazama kwa jicho lake jipya, juu mpaka chini.

"Kumbe mwenyewe mwembamba hivi! Kivuli kile nilidhani cha mtu wa mraba."

Kahindi akacheka.

"Na wewe ni wa dini gani, mwanangu?"

"Mkristo, bibi."

"Mbona hukunambia?"

"Hukuniuliza."

Bi Fairuz akaketi kwenye ndoo. "Basi kula, mbaazi zitapoa. Sinywi chai na mtu aliyesimama."

Wakala. Paka akapata chake. Tangu siku hiyo kila Ijumaa bakuli linakuja, na Kahindi amenona kidogo, ingawa pua bado inabanduka. Kanisani nako mambo yametulia. Mchungaji siku hizi anahubiri dakika kumi na moja, halafu watu wanatumwa, huyu akamfulie mgonjwa fulani, yule akazibe bati la mjane fulani. Wakati wa ushuhuda Kahindi bado anaangalia viatu vyake. Mchungaji anangoja kidogo, anasema, "Tuendelee," na Joy kiwiko chake kimestaafu.

Mwezi wa sita barua ilitoka Nairobi. Mtu, miaka mingi iliyopita, alikuwa ameomba ofisi ijengewe banda la kusubiria na dirisha la pili lifunguliwe. Barua ilisema kwamba kwa kuwa imethibitika kivuli kipo, na wananchi sasa wanaweza kusubiri siku nzima bila malalamiko, banda halihitajiki, na dirisha la pili halina haraka. Mkubwa wa ofisi akasifiwa. Fundi akaja na rangi ya buluu akaandika ukutani, herufi nzuri kabisa: KAA KIVULINI.

Wiki hiyo hiyo Jana alitimiza miaka kumi na minane. Alikwenda na cheti chake cha kuzaliwa, cha mamake, cha bibi yake, na barua ya chifu, vyote kwenye bahasha ya plastiki. Griffins akavipanga mezani kama karata. Akamuuliza hali ya bibi, Jana akasema hajambo, anasubiri jicho la pili. Griffins akasema amsalimie. Alimaanisha kweli.

"Sasa babu yake bibi yako," akasema, "cheti chake kiko wapi?"

Jana akarudisha karatasi kwenye bahasha. Akatoka nje, akapita kando ya watu hamsini waliokaa wanapiga soga, wengine wanacheza dama kwa vifuniko vya soda, akafika mwisho kabisa, pale jua linapoanzia. Kivuli kikasogea hatua moja kumpa nafasi. Akakaa.